Mapigo Yalitulia, Wagonjwa Wakafa: Uchambuzi wa Jaribio la CAST

Chukua karatasi ya ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, ya mtu aliyepata mshtuko wa moyo miezi mitatu iliyopita. Imechorwa viboksi vidogo vidogo, kila kimoja milimita 1, na kwa mwendo wa kawaida wa mashine kila kiboksi ni sekunde 0.04. Fuata mstari kutoka kushoto: pigo, nafasi, pigo, nafasi, kila pigo jembamba kama mwiba. Halafu, kabla ya wakati wake, linazuka pigo moja nene, limepinda, limekula viboksi vitatu au zaidi, halifanani na wenzake. Baada yake mstari unanyooka kwa muda kuliko kawaida, kisha miiba inarudi. Mwenye moyo huo ukimuuliza atakwambia: "Moyo unaruka, daktari. Unasimama kidogo, halafu unapiga kwa kishindo." Anasema kweli. Kishindo ni lile pigo linalofuata kimya, moyo ukiwa umepata muda wa kujaa damu zaidi.

Pigo hilo nene ni pigo la mapema la ventrikali. Badala ya kuanzia kwenye kituo cha asili kinachopanga mwendo wa moyo, limeanzia kwenye misuli ya ventrikali, yaani vyumba vya chini vya moyo, na kusambaa kwa njia za panya, ndiyo maana likachelewa na kunenepa. Watu wenye mioyo mizima nao huyapata, na mara nyingi hayana neno. Kwa aliyepona mshtuko wa moyo ni habari nyingine, maana sehemu ya msuli wake imekufa na kugeuka kovu.

Kisa ninachotaka kukichambua kinahusu watu kama huyo, na madaktari waliowapenda wagonjwa wao na kuwatibu kwa nia njema. Ni jaribio lililoitwa CAST, likigharamiwa na Taasisi ya Taifa ya Moyo, Mapafu na Damu ya Marekani. Lilianza kuandikisha wagonjwa mwaka 1987. Kufikia Aprili 1989 sehemu yake kubwa ilikuwa imesimamishwa, kwa sababu dawa zilizokusudiwa kuzuia vifo ndizo zilizokuwa zinaua.

Ili kuelewa ilifikaje hapo, lazima turudi nyuma kidogo. Vyumba maalumu vya uangalizi wa wagonjwa wa moyo vilipoenea miaka ya 1960, wauguzi na madaktari walianza kwa mara ya kwanza kuutazama moyo wa mgonjwa kwenye skrini saa ishirini na nne. Waliona mapigo ya mapema yakizuka, na kwa baadhi ya wagonjwa waliona ventrikali zikianza kutetemeka ovyo bila kusukuma damu, hali inayoua kwa dakika chache asipopatikana mtu wa kuushtua moyo kwa umeme. Kuyaunganisha mambo hayo mawili lilikuwa jambo la kawaida kabisa kwa akili ya binadamu. Mwaka 1971 Bernard Lown na mwenzake Marshall Wolf walipanga mapigo haya kwa ngazi, toka yasiyotisha hadi yanayotisha. Tafiti zilizofuata zikathibitisha: aliyepona mshtuko wa moyo akiwa na mapigo ya mapema mengi alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufa, hata ukishazingatia jinsi moyo wake ulivyodhoofika. Mapigo 10 kwa saa yalitosha kumtia mtu kwenye kundi la hatari.

Hadi hapo hakuna kosa. Mapigo ya mapema ni dalili ya hatari, na takwimu zilikuwa sahihi. Kosa liliingia kwenye hatua iliyofuata, tena liliingia taratibu bila mtu kulitangaza: kama mapigo haya yanaonyesha hatari, basi kuyaondoa ni kuiondoa hatari.

Dawa za kuyaondoa zilikuwepo. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha flekainidi mwaka 1985 na enkainidi mwaka 1986. Zote mbili zilikuwa na nguvu ya ajabu juu ya mapigo ya mapema. Mgonjwa alivishwa Holta, kile kifaa kidogo cha kubeba kiunoni kinachorekodi moyo kwa siku nzima, akapewa vidonge, akavishwa tena. Karatasi ya kwanza imejaa mapigo manene, ya pili karibu haina kitu. Hebu fikiria daktari ameziweka karatasi hizo mbili mezani, ubavu kwa ubavu, na mgonjwa ameketi mbele yake. Nani angeshuku? Mgonjwa mwenyewe alihisi nafuu, moyo umeacha kuruka. Wote wawili waliondoka wakiwa na furaha, na furaha yao ilikuwa na ushahidi mkononi.

Lilitangulia jaribio dogo la matayarisho, lenye wagonjwa wapatao 500, kati ya mwaka 1983 na 1986. Swali lake lilikuwa moja tu: je, mapigo haya yanaweza kuzimwa kwa dawa mgonjwa akazivumilia? Jibu lilikuwa ndiyo, hasa kwa enkainidi na flekainidi. Halikuwa na watu wa kutosha kujibu kama dawa zinaokoa maisha. Hilo ndilo liliachiwa CAST.

Na hapa kuna jambo linalostahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu linaonyesha imani ilivyokuwa imeota mizizi. Wako madaktari waliopinga jaribio lenyewe. Hoja yao ilikuwa ya kimaadili: unawezaje kumpa mtu mwenye mapigo ya hatari kidonge kisicho na dawa ndani, yaani plasebo, ilhali dawa ipo? Baadhi hawakutaka kuwatoa wagonjwa wao wakaingia kwenye bahati nasibu hiyo. Hata waliolibuni jaribio walikuwa na imani ileile kwa kiasi fulani, kwani hesabu za takwimu zilipangwa mwanzoni kwa upande mmoja: zitafute kama dawa inasaidia. Uwezekano kwamba dawa inaua haukupewa uzito uleule kwenye karatasi ya mpango.

Walioandikishwa walikuwa wamepata mshtuko wa moyo kati ya siku 6 na miaka 2 nyuma, wakiwa na wastani wa mapigo ya mapema 6 au zaidi kwa saa, na nguvu ya moyo kusukuma damu imepungua. Wengi hawakuwa na dalili nzito. Hawa ni watu waliokuwa wakienda kazini, wakila mezani na familia zao. Kila mmoja alijaribishiwa dawa kwanza kwa uwazi, yeye na daktari wake wakijua ni dawa gani, na ni yule tu ambaye mapigo yake yalizimika vya kutosha, angalau asilimia 80, aliyeendelea hadi hatua ya kugawanywa kwa bahati nasibu. Kufikia Machi 30, 1989, watu 2,309 walikuwa wameingia kwenye hatua ya kwanza, na 1,727 kati yao dawa ilikuwa imewakubali.

Maana yake ni kwamba kila aliyegawanywa alikuwa mgonjwa ambaye dawa "imemfaa". Hakuna aliyeshindwa na matibabu. Kama nadharia ilikuwa ya kweli, hapa ndipo ingeng'ara.

Kati yao, 730 walipewa enkainidi au flekainidi, na 725 walipewa plasebo ya dawa hizo. Waliobaki waliingia upande wa dawa ya tatu, morisizini, na plasebo yake. Baada ya wastani wa miezi 10, waliokufa kwa hitilafu ya mapigo au ambao moyo ulisimama na kuokolewa walikuwa 33 upande wa dawa na 9 upande wa plasebo. Vifo vyote kwa jumla vilikuwa 56 kwa 22. Kwa asilimia ni 7.7 dhidi ya 3.0. Kumbuka wengi wa waliokufa upande wa dawa walikufa kwa kitu kilekile walichokuwa wakikingwa nacho.

Ripoti ya mwisho, iliyotoka Machi 1991 kwenye New England Journal of Medicine, iliongeza watu na vifo: 63 kati ya 755 waliopewa dawa, 26 kati ya 743 waliopewa plasebo.

Ndani ya kisa hiki kuna sura moja ambayo mimi kila nikiirudia inanikosesha raha. Bodi huru iliyosimamia usalama wa wagonjwa ilikuwa imeamua kuziangalia takwimu bila kujua kundi lipi ni la dawa. Makundi yaliitwa X na Y. Septemba 1988 walionyeshwa hesabu: vifo vya ghafla 3 kwenye kundi X, 19 kwenye kundi Y. Wakachagua kuendelea bila kufunuliwa. Idadi ilikuwa ndogo, na tofauti kubwa inayojitokeza mapema kwenye jaribio mara nyingi huyeyuka baadaye. Kila mtafiti anajua hilo. Naielewa hoja yao. Hata hivyo naamini walipaswa kufunua siku ile, kwa sababu maana ya 3 kwa 19 inategemea kabisa nani ni nani. Kama Y ni plasebo, dawa inaelekea kufaulu na unaweza kusubiri ushahidi ukomae. Kama Y ni dawa, kila kidonge kinachomezwa kesho asubuhi ni suala jingine. Huwezi kupima subira yako sawasawa kwa hali zote mbili. Bodi ilikutana tena Aprili 1989, na safari hii upande wa enkainidi na flekainidi ukasimamishwa, na madaktari wakaarifiwa.

Lakini niseme pia upande wa pili. Bila plasebo ile iliyopingwa kwa jina la maadili, mauaji haya yangeendelea kwa miaka mingi bila mtu kuyajua. Fanya hesabu: daktari mwenye wagonjwa 20 wa aina hii, wote wakiwa kwenye dawa, angepoteza mgonjwa mmoja au wawili katika miezi 10. Bila dawa angepoteza labda mmoja, labda asipoteze. Nani angeiona tofauti hiyo kwa macho? Mtu aliyewahi kupata mshtuko wa moyo anakutwa amekufa kitandani. Familia inalia, daktari anasikitika, na wote wanasema ni ule ugonjwa wake wa moyo. Tena daktari angejipa moyo kwamba alimpa dawa bora iliyopo, na kumbukumbu ya Holta iliyo safi ipo kwenye faili kuthibitisha. Uzoefu wa miaka 30 usingemsaidia. Ilihitajika kuwaweka mamia ya watu upande huu na mamia upande ule, kisha kuwahesabu wafu.

Kwa nini ziliua? Moyo uliopata mshtuko haufi wote mahali pamoja. Pembezoni mwa kovu hubaki nyuzi za msuli hai zilizopenyapenya katikati ya tishu iliyokufa, na umeme wa moyo ukifika hapo unapita kwa kujikokota. Wimbi la umeme linaweza kulizunguka kovu kama maji yanavyozunguka kisiwa. Likizunguka haraka, linarudi lilikotoka na kukuta msuli bado umechoka na pigo lililopita, hauwezi kuitikia, na wimbi linafia hapo. Likizunguka polepole vya kutosha, linarudi na kukuta msuli umeshapumzika, uko tayari. Linaingia tena. Linazunguka tena. Sasa lina maisha yake lenyewe, mara 200 kwa dakika, na ventrikali inakimbia bila kupumua hadi inapoanza kutetemeka tu.

Enkainidi na flekainidi hufanya kazi kwa kuziba milango ya sodiamu kwenye chembe za moyo, na zikishaziba huchelewa kuachia. Milango hiyo ndiyo inayoamua kasi ya umeme. Kwa hiyo dawa inazima cheche, yale mapigo ya mapema, na wakati huohuo inapunguza mwendo wa umeme moyo mzima, hususan kwenye zile nyuzi zilizokuwa tayari zinajikokota. Cheche zimepungua, lakini nyasi zimekaushwa. Siku ikitokea cheche moja tu, moto unashika. Na nguvu ya dawa huongezeka moyo unapokwenda mbio, kwa sababu milango inafunguka mara nyingi zaidi na dawa inapata nafasi ya kuingia. Mshipa wa koronari, unaolisha moyo wenyewe damu, ukibana tena, sehemu ya msuli ikakosa damu na moyo ukaanza kwenda mbio, dawa inakaza mahali pabaya kwa wakati mbaya. Zaidi ya hayo, flekainidi hupunguza nguvu ya moyo kusukuma. Hata vifo vya moyo visivyotokana na mapigo viliongezeka kwenye CAST: 17 kwa 5.

Holta haikuweza kuonyesha lolote kati ya haya. Ilirekodi siku ambayo hakuna kilichotokea.

Morisizini iliachwa iendelee peke yake kwa jina la CAST II, na nayo ikasimamishwa kabla ya wakati, Agosti 1991. Katika majuma mawili ya kwanza ya kuanza dawa, 17 kati ya 665 walikufa au moyo ukasimama. Upande wa plasebo walikuwa 3 kati ya 660. Enkainidi iliondolewa sokoni Marekani mwaka huohuo wa 1991. Flekainidi ipo hadi leo, nayo ina kazi yake halali: huwasaidia watu wenye mitetemo ya vyumba vya juu ambao mioyo yao haina kovu wala ugonjwa wa mishipa. Dawa ileile, moyo tofauti.

Watu waliendelea kutafuta dawa isiyo na dhambi hiyo. Mwaka 1996 jaribio la SWORD lilipima d-sotaloli, ambayo haizibi sodiamu kabisa, kwa wagonjwa 3,121 waliodhoofika moyo baada ya mshtuko. Vifo vikawa asilimia 5.0 kwa 3.1, dawa ikishindwa tena. Amiodaroni ilipopimwa kwenye majaribio mawili yaliyotoka 1997, ilipunguza vifo vya mapigo bila kupunguza jumla ya vifo. Angalau haikuua zaidi.

Kilichookoa maisha kilikuwa kimeshajulikana kabla hata CAST haijaanza. Mwaka 1981 jaribio la propranololi nchini Marekani, lenye watu 3,837, lilisimamishwa mapema kwa sababu njema: vifo vilikuwa asilimia 7.2 upande wa dawa na 9.8 upande wa plasebo. Propranololi haisafishi Holta kama flekainidi. Mgonjwa anaweza kuwa nayo na bado mapigo manene yakawepo kwenye karatasi. Ila inauzuia moyo usiende mbio, inapunguza njaa yake ya oksijeni, na inaukinga na misisimko ya adrenalini. Ni kidonge cha bei nafuu, kinapatikana hadi kwenye maduka ya dawa ya wilayani kwetu, na hakina mvuto wa karatasi mbili mezani.

Kisha vikaja vifaa vinavyopandikizwa kifuani na kuushtua moyo vyenyewe. Jaribio la MADIT-II, mwaka 2002, liliwachagua watu 1,232 ambao nguvu ya moyo ilikuwa asilimia 30 au chini, bila kudai wawe na mapigo ya mapema. Vifo vilishuka toka asilimia 19.8 hadi 14.2. Ila mwaka 2004 DINAMIT ilipopandikiza kifaa mapema, siku 6 hadi 40 baada ya mshtuko, vifo vya mapigo vilipungua na vifo vingine vikaongezeka, jumla ikabaki palepale. Moyo ulioharibika ukizuiwa mlango mmoja ulipitia mwingine.

Basi anapokuja kwangu mzee na binti yake, binti ameshika karatasi ya Holta na amepiga mstari wa kalamu nyekundu chini ya idadi ya mapigo ya mapema, najua anachotaka kusikia. Anataka dawa ya kuyaondoa. Naanza kwa kumsikiliza, maana hofu yake ni ya kweli. Halafu naomba majibu ya eko, ile picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, nione moyo unasukuma kiasi gani. Nauliza kama maumivu ya kifua yanarudi akipanda ngazi, naangalia kiwango cha potasiamu, nauliza kama anameza beta bloka (dawa ya jamii ya propranololi), aspirini na dawa ya kushusha lehemu kila siku au huruka zikiisha. Mara nyingi huruka. Tunazungumza juu ya hilo kwa muda mrefu kuliko tunavyozungumza juu ya karatasi. Akizimia au kukaribia kuzimia, mambo yanabadilika na anahitaji kulazwa na kuchunguzwa upesi. Asipozimia, na mapigo hayamsumbui, yanaweza kubaki kwenye karatasi yake.

Kuna kipande kimoja cha kisa hiki kilichotokea mbali na Marekani. Mwaka 1980, huko Nottingham, Uingereza, watafiti walijaribu dawa ya jamii hiyohiyo iitwayo lorkainidi kwa wagonjwa 95 walioshukiwa au kuthibitika kupata mshtuko wa moyo. Dawa ilipunguza mapigo mabaya vizuri. Waliokufa walikuwa 9 upande wa dawa na 1 upande wa plasebo. Watafiti walidhani ni bahati mbaya tu, na kampuni ikaiacha dawa hiyo kwa sababu za kibiashara, kwa hiyo hesabu haikuchapishwa. Waliichapisha wenyewe mwaka 1993, wakikiri kwamba ingetolewa mapema huenda ingekuwa onyo. CAST ilipoandikisha mgonjwa wake wa kwanza, hesabu hiyo ya 9 kwa 1 ilikuwa imekaa kabatini miaka 7.